Mama, Ulikuja na Gari Lao

Waraka wa wazi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Dodoma

YAH: USIMAMIZI WA UCHUNGUZI WA TUHUMA ZA UKATILI NA UTELEKEZAJI NDANI YA MAKAO YA WATOTO

Ndugu Kamishna,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sentensi hiyo nimeiandika miaka 27 ya utumishi bila kuifikiria, kama mtu anavyosema "haya" akiinuka kitini. Leo naiandika nikiwa na maana yake. Nakuomba uhusike.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii mstaafu, mkazi wa Nyakato hapa Mwanza. Nimefanya kazi katika halmashauri za Kanda ya Ziwa, na miaka yangu ya mwisho nilikuwa nasimamia maafisa wenzangu. Halmashauri ya kisa nitakachokusimulia siitaji, wala makao yenyewe, wala mwaka. Kosa ninaloanza nalo ni langu.

Taarifa ililetwa na mpishi. Ilikuwa Ijumaa saa tisa alasiri, watu wameshaanza kufunga mafaili. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akasema kuna binti wa miaka 14 hali chakula, na mlinzi wa usiku ana ufunguo wa bweni la wasichana. Basi. Hakusema zaidi, nami sikumwuliza zaidi. Nilimwambia tutalifanyia kazi. Makao yalikuwa mwambao wa ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara ya vumbi. Gari la idara lilikuwa juu ya mawe tangu Pasaka. Nikafanya tulichokuwa tunafanya siku zote: nikampigia simu meneja wa makao, nikamwomba usafiri.

Jumatatu saa mbili Land Cruiser nyeupe ilikuwa mlangoni, jina la makao limeandikwa ubavuni kwa rangi ya bluu. Dereva akanifungulia mlango wa mbele. Tulipofika, watoto walikuwa wamepangwa mistari miwili chini ya mwembe, wakaimba. Nikapewa ofisi ya meneja. Matroni ndiye aliyekuwa akiwaita watoto mmoja mmoja, na mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Yule binti alikuja, akasimama. Nilimwuliza kama kuna mtu anamsumbua. "Hapana." Anakula vizuri? "Ndiyo." Nikaandika hapana, nikaandika ndiyo. Mchana nililetewa ugali na sato wa kukaanga, na wakati wa kuondoka nikafungiwa sato mwingine kwenye gazeti, wa kwenda kumpikia mzee nyumbani. Taarifa yangu ilikuwa na kurasa nne na hitimisho la maneno mawili: tuhuma hazikuthibitika. Bosi wangu alisaini bila kufungua ukurasa wa pili. Mpishi alifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo. Nilisikia, na haikunijia kwamba hilo nalo ni ushahidi.

Miaka miwili baadaye nilikwenda mwaloni Kirumba kununua dagaa. Binti aliyekuwa akinipimia aliniangalia kabla mimi sijamwangalia.

"Shikamoo mama. Umenisahau."

Sikuwa nimemsahau, nilikuwa sijamtazama. Tukasogea pembeni ya magunia. Alipokwisha kunieleza nikamwuliza swali ambalo hadi leo naona haya kulirudia: mbona hukuniambia siku ile? Akaendelea kujaza sado, akaisawazisha juu kwa kiganja ili isizidi.

"Mama, ulikuja na gari lao."

Aliyonisimulia ni yake, sitayaweka hapa. Nitasema tu kwamba yule mlinzi alikuwa ameshaondoka, ameondoka na barua nzuri ya utambulisho, na hakuna aliyejua ameajiriwa wapi.

Ndugu Kamishna, sikuwa nimehongwa. Yule sato hakubadilisha hata neno moja katika taarifa yangu. Taarifa ilishaharibika tangu nilipoinua simu kuomba gari. Watu husema kesi ya nyani hakimu ngedere, lakini methali hiyo hainitoshi hapa. Ngedere anajua anachokifanya. Mimi nilirudi nyumbani jioni ile nikiamini nimefanya kazi.

Tazama njia anayopita mtoto mmoja. Anaokotwa stendi ya Nyegezi, au analetwa na bibi aliyeelemewa, na afisa ustawi wa halmashauri ndiye anayemwandikia barua ya kupokelewa makao. Makao hayo hayo yalipoomba leseni, maombi yalipitia kwa afisa huyo, akaenda kupima mabweni na kuhesabu matundu ya choo, ndipo karatasi zikapanda kwako. Anayetembelea na kukagua ni yeye. Na tuhuma ikizuka, Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi mwenye taarifa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, nayo ikifika huko inatua juu ya meza ile ile. Kwa hiyo tunapomtuma afisa akachunguze kama mtoto anaumizwa, tunamtuma pia achunguze kama yeye mwenyewe alikosea kumpeleka, alikosea kuipendekeza leseni, na alikosea kutoona alipokagua. Nani anachunguza hivyo akajikuta na hatia?

Juu ya hapo mwajiri wake ni Mkurugenzi wa Halmashauri, na wizara inayomwangalia Mkurugenzi ni TAMISEMI. Leseni iko mkononi mwako, kuitoa na kuifuta. Macho ya kukagua yapo kwa mwingine. Kanuni za Makao ya Watoto za mwaka 2012 na Kanuni za Ulinzi wa Mtoto za mwaka 2014 ni nzuri, nimezifundisha kwenye semina zaidi ya nilivyozitumia, lakini kanuni haisomi jalada. Jalada husomwa na mtu, na swali langu lote katika barua hii ni mtu gani.

Nikuambie kwa nini ninalisema kutoka huku na sio kutoka kwingine. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na miaka kumi baadaye kulikuwa na bibi wengi kuzunguka ziwa hili wenye wajukuu wengi kuliko masufuria. Makao yalifunguliwa na masista, na wachungaji, na wageni waliokuja kutalii Serengeti wakaondoka na picha ya mtoto mfukoni. Hapa Mwanza mjini mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaanzishwa Kuleana, iliyofanya kazi na watoto wa mitaani. Vijitabu vyake vya haki za mtoto na kampeni yake dhidi ya viboko vilitukera sana baadhi yetu watumishi. Walikuwa sahihi, na sisi tulikuwa tunachapa.

Kisha yakaja mauaji ya watu wenye ualbino. Desemba 2014 mtoto wa miaka minne aliibwa usiku nyumbani kwao wilayani Kwimba, hakuonekana tena. Watoto wenzake wenye ualbino walikuwa wameshaanza kukusanywa kwa usalama wao, Mitindo kule Misungwi, Buhangija Shinyanga, Kabanga Kasulu. Ilisemwa ni kwa muda, na muda ukahesabika kwa miaka. Sizitaji sehemu hizo kwa tuhuma yoyote. Nazitaja kwa sababu zilinifundisha jambo moja: ukuta unaojengwa ili muuaji asiingie humzuia pia jirani asione. Mtoto akiishi kijijini, akipigwa usiku, kuna mama wa nyumba ya pili atakayesikia. Makao hayana nyumba ya pili. Ndiyo maana uchunguzi wake hauwezi kuwa kama uchunguzi wa kaya, na ndiyo maana anayeuongoza anahitaji mtu wa kumsimamia nyuma yake.

Hata hesabu zetu haziwafikii watoto hawa. Ule utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009, ulioonyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walipata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana mmoja katika kila 7, ulifanywa kaya kwa kaya. Mtoto wa makao hana kaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walichapisha mwaka 2014 kazi yao juu ya watoto 70 wa makao hapa Tanzania. Walioingia wakiwa wachanga hadi miaka minne walieleza mateso mengi ndani ya makao kuliko wale walioingia wakiwa wakubwa. Yaani anayeumia zaidi ni yule asiyejua kwamba kuna namna nyingine ya kuishi. Namba 116 ni ya bure, naam. Simu ya makao iko mfukoni mwa meneja.

Sasa usimamizi. Neno hili limeharibika. Kwetu kusimamia ni kusaini, au ni kusimama mlangoni saa moja na nusu kuona nani kachelewa. Baada ya siku ile ya mwaloni nilibadilika kidogo, si kwa ujuzi, kwa aibu. Kijana mmoja niliyekuwa namsimamia aliniletea taarifa ya tuhuma za kipigo katika makao ya wavulana. Iliandikwa vizuri kuliko yangu. Watoto 6 wamehojiwa, wote wamekanusha, walezi wameshirikiana vyema. Nikamwambia akae, nikampa karatasi tupu na kalamu, nikamwambia nichoree bweni.

Alichora mstatili. Mlango uko wapi? Akachora. Madirisha? Akasita. Vitanda vingapi? "Kama ishirini hivi." Yule mtoto tuliyeambiwa anaumizwa, kitanda chake kipi? Hakujua. Uliingia bwenini? "Niliangalia kutokea mlangoni, mama." Ulipowahoji, wewe ulikaa wapi na mtoto alikaa wapi? Alikaa mezani, mtoto alisimama. Nani alikuwa anawaleta? Kijana akaanza kunielewa, na mimi nikamwona anavyoona, kama mtu anayegundua hana funguo akiwa tayari mlangoni.

Tukarudi wote, kwa basi na bodaboda, Alhamisi asubuhi bila kupiga simu. Bweni lilikuwa na vitanda 18 na watoto 23. Karibu na mlango, sakafuni, kulikuwa na nailoni imekunjwa. Nikamwuliza mtoto wa darasa la pili aliyekuwa anafagia, hii ya nini? "Ya vikojozi." Wanalala hapo? "Ndiyo, mpaka waache." Na asubuhi? Asubuhi husimama uwanjani na shuka kichwani wakati wenzao wanakunywa uji. Hupigwa? Hapo akanijibu kwa sentensi ambayo hakuitunga yeye: "Hatupigwi, tunaelekezwa."

Daftari la zamu za usiku lilikuwepo, safi, limejazwa miezi mitatu. Wino mmoja, mwandiko mmoja, na mlezi wa zamu alikuwa amelala na watoto hata tarehe 30 Februari.

Hakuna kati ya hayo lililokuwa limefichwa. Nailoni ilikuwa wazi, daftari lilikuwa juu ya kabati. Kijana wangu hakuwa mzembe. Hakuwa na mtu wa kumwambia chora. Huo ndio usimamizi ninaousema. Mwenye jalada anaulizwa maswali madogo na mtu asiyeyaogopa majibu: ulifika kwa gari la nani, mtoto ulimwona saa ngapi, ulimwona kabla ya meneja au baada, nani mwingine analala karibu naye, aliyetoa taarifa yuko wapi leo. Swali la mwisho lingemwokoa mpishi wangu. Linachukua nusu dakika.

Kuna maneno ambayo msimamizi akiyakuta kwenye jalada inabidi ayachomoe kama mwiba. "Hazikuthibitika" ni la kwanza. Mimi nililitumia kumaanisha si kweli. Maana yake halisi ni kwamba nilienda nikarudi. Jingine ni "kumrudi mtoto". Sheria yenyewe imeacha mlango hapo, maana inakataza adhabu isiyo ya kiasi kwa umri na hali ya mtoto, kwa hiyo kila mwenye fimbo anajiona ni wa kiasi. Na la tatu, baba yao yote, ni "wamemalizana". Mjomba kaitwa, kapewa nauli na mfuko wa sukari, kaweka dole gumba. Mtoto ndiye pekee ambaye hakuwepo kwenye kumalizana.

Lakini kipigo ni rahisi, Ndugu Kamishna. Kigumu ni utelekezaji, kwa sababu hauna mkosaji wa kukimbia. Nimeingia makao ya mwambao ambako watoto huchota maji na kuoga ziwani kila jioni, na wadogo wana matumbo yamejaa na miguu myembamba. Unauliza choo, wanakwambia damu, kwa sauti ile ile ya kukwambia kesho ni Jumanne. Kila mtu wa ziwani anakijua kichocho. Dawa yake ipo, si ya bei ya kutisha, na shuleni hugawiwa. Mlezi anasema ni ugonjwa wa huku, wote wanao. Afisa naye kazaliwa huku, anaona ni ugonjwa wa huku. Anaandika "afya za watoto ni za wastani". Anahitajika mtu wa kuuliza: mtoto huyu angekuwa wako ungemwacha hadi lini? Kwa watoto wanaopelekwa kukausha dagaa alfajiri kabla ya shule ni hivyo hivyo. Inaitwa stadi za maisha.

Nirudi kwenye kesi zinazofika polisi, ingawa ni chache. Tuhuma ya ubakaji inayofika Dawati la Jinsia na Watoto siku ya tano, mtoto ameshaogeshwa, nguo zimeshafuliwa, fomu ya polisi, PF3, inajazwa na daktari asiye na cha kuandika. Mpelelezi analalamika kuhusu Ustawi, Ustawi wanalalamika kuhusu mafuta ya gari. Baada ya hapo ni mahakama. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu atiwe hatiani katika makosa ya kingono kwa maneno ya mtoto peke yake ikiwa mahakama imeridhika anasema kweli; hiyo ni neema kubwa. Ila tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto mdogo asiyeapa lazima aahidi kusema kweli na si uongo, na ahadi hiyo iandikwe. Mahakama ya Rufani ikiwa Bukoba iliwahi kuutupa nje ushahidi wa mtoto wa miaka 10 kwa sababu ahadi haikuonekana katika mwenendo wa kesi. Mistari miwili haikuandikwa. Wenzetu wa mahakama wana mtu wa juu wa kuusoma mwenendo mstari kwa mstari na kuona kilichokosekana. Jalada la ustawi linaloamua mtoto arudi kulala bweni lile lile halina rufaa, na hakuna anayelisoma.

Usifikiri ni umaskini wetu tu. Huko Wales Kaskazini, Uingereza, halmashauri ya kaunti ya Clwyd iliagiza uchunguzi wa ukatili katika makao yake ya watoto. Ripoti, inayojulikana kwa jina la John Jillings, ilikamilika mwaka 1996. Kampuni ya bima ya halmashauri ikaonya kwamba ikichapishwa itafungua madai ya fidia, na nakala zikaamriwa ziharibiwe. Ilibidi serikali kuu iunde baraza la uchunguzi chini ya Jaji Ronald Waterhouse, lililotoa ripoti yake Februari 2000, na mwaka uliofuata Wales ikapata Kamishna wa Watoto, wa kwanza Uingereza nzima. Halmashauri tajiri, yenye magari, yenye wanasheria, ilipojichunguza yenyewe iliishia kwenye mashine ya kukatia karatasi.

Karibu zaidi ni Bomet, Kenya. Mmarekani Gregory Dow alifungua makao pale Boito mwaka 2008. Kilichomfikisha mbele ya sheria ni wasichana waliotoroka, na mwanamke Mkenya mkazi wa Lancaster, Pennsylvania, kwao Dow, aliyesikia habari, akazunguka akikusanya maelezo, akayapeleka FBI. Februari 2021 Dow alihukumiwa Marekani miaka 15 na miezi 8 kwa kuwadhulumu kingono wasichana wanne. Tusimcheke jirani. Mwenye leseni yupo, mkaguzi yupo, mtaa wenye mwenyekiti upo, na anayechunguza ni mama anayeishi ng'ambo.

Kenya baadaye walichukua hatua kubwa zaidi: walisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 wakatangaza mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Nakubaliana nao. Watoto wengi niliowapeleka makao walikuwa na mama hai, au shangazi ambaye angewapokea kwa msaada mdogo kuliko mshahara wa mlinzi mmoja. Lakini hiyo ni barua nyingine, na tukisubiri makao yaishe ndipo tuchunguze vizuri, kizazi kizima kitakuwa kimepita kwenye yale mabweni.

Na usidanganyike na kufunga. Kufunga kituo ndilo jambo tunalolijua vizuri: tuhuma zimevuma, Mkuu wa Wilaya kaja na kamera, watoto wamepakiwa kwenye gari jioni na kugawiwa makao manne. Kila mtu anapumua. Mashahidi wametawanywa Magu, Misungwi na Geita, aliyelala kitanda cha pili hatapatikana tena, na mwenye makao anarudi mwaka unaofuata na jina jipya la taasisi, safari hii kwa jina la shemeji yake. Kama lazima watoto waondolewe usiku huo, na mara nyingine ni lazima, basi wahojiwe na orodha ya nani kaenda wapi ibaki kwa mtu ambaye si mhusika.

Nina deni pia kwa upande wa pili. Mlezi mmoja wa kiume alisimamishwa kazi miezi minane kwa tuhuma iliyotoka kwa mtumishi mwenzake waliyegombana juu ya stoo. Katika miezi hiyo hakuna aliyemhoji hata siku moja. Jalada lilikuwepo, halikufunguliwa, halikufungwa. Mke wake aliondoka. Alipohojiwa hatimaye na mtu kutoka nje ilichukua siku mbili kuona kwamba siku inayotajwa alikuwa amelazwa Bugando, na kadi ya hospitali alikuwa nayo mfukoni muda wote.

Ninachokuomba hakihitaji sheria mpya. Wewe pamoja na wenzako wa TAMISEMI mnaweza kutoa waraka wa kurasa mbili. Tuhuma yoyote ndani ya makao isichunguzwe na afisa aliyempeleka mtoto pale au aliyependekeza leseni. Aje wa halmashauri jirani, wa Ilemela aende Sengerema na wa Sengerema aende Ilemela. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita tatu za lami juu ya maji, kwa hiyo kisingizio cha foleni ya kivuko kimekufa, japo najua ndugu zangu wa Ukerewe na Ukara bado wanasubiri meli na upepo. Jalada lisifungwe hadi msimamizi wa mkoa amelisoma akiwa na aliyeliandika mbele yake, na mtoto ameonwa tena baada ya wiki chache, mahali pasipo pa makao, na mtu aliyefika kwa usafiri wa serikali au kwa daladala. Nakala ya hitimisho ije kwako, ikae kwenye faili moja na leseni. Na aliyetoa taarifa, awe mpishi, awe mtunza bustani, jina lake liangaliwe baada ya miezi mitatu kama bado yuko kazini.

Mafuta ya gari, najua. Utaambiwa hakuna fungu. Mimi nilihesabu wakati ule: safari yangu kwa basi na boda kwenda na kurudi ingegharimu chini ya bei ya wale sato wawili sokoni.

Mwaka jana nilikwenda kuliomba lile jalada langu la kurasa nne, nikitaka kuandika chini yake kwa mkono wangu kwamba nilikosea. Kijana wa masjala alinipokea vizuri sana, akaniita mama, akanitafutia kiti. Akatafuta saa nzima. Masjala ilihama, akasema, mafaili ya zamani yamewekwa stoo nyuma ya karakana, na mvua ya vuli iliingia. Alinitolea lililobaki la mwaka ule, limeshikana kama mkate. Nikalifungua kwa kisu cha kukatia karatasi. Kwenye ukurasa mmoja niliweza kusoma saini ya bosi wangu, imekaa vizuri, wino haujasambaa. Yaliyokuwa juu yake hayasomeki.

Nilikosa nilichokuja kukiandika, kwa hiyo nimekuandikia wewe.

Wako katika kazi,

Afisa Ustawi wa Jamii mstaafu,
Nyakato, Mwanza.

Nakala: Katibu Tawala wa Mkoa, Mwanza
Wakurugenzi wa Halmashauri zote za Mkoa wa Mwanza
Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora
Jalada